Wafuasi wa kaka yangu na kwaya ya mama

Wakati tulipoambiwa tuhame mtaa wetu wa Kasulo ili kampuni ichimbe kobalti, madini ya betri, kaka yangu alikuwa na ukurasa wa mtaa kwenye mtandao. Wafuasi wake walikuwa maelfu: watu wa Lubumbashi, wa Johannesburg, hata wa Ubelgiji. Aliandika kwamba Jumapili tukutane mbele ya kanisa, tukatae kuondoka kabla ya kuonyeshwa pa kwenda. Mioyo na vidole gumba vilimiminika. Jumapili walikuja wachache, wengi wao jamaa zetu. Kaka alirudi nyumbani, akachomeka simu kwenye chaji.

Mama alikuwa na kikundi kidogo cha simu, cha wanawake wa kwaya. Baadhi yao hawakujua kusoma, kwa hiyo walitumiana sauti tu, habari za mazoezi na za wagonjwa.

Muda si mrefu baadaye mvua ilinyesha asubuhi nzima. Chini ya mtaa wetu kulikuwa na mashimo ya wachimbaji wa kobalti, mengine yakipita chini ya vyumba vya kulala. Mchana mama aliona ufa ukipanuka nyuma ya jiko la jirani. Akachukua simu.

«Ba mama, udongo inaanza kushuka. Mutoke na batoto sasa. Mupige na ku mulango ya jirani.»

Nikiwa barabarani niliona milango ikifunguka, nyumba hadi nyumba. Walitoka hata wasiokuwa na simu. Kabla ya jioni nyumba mbili zilizama; hazikuwa na mtu ndani.

Kaka alipiga picha, ikapendwa kuliko zote alizowahi kuweka. Alimuuliza mama, «Kikundi yako iko na bantu ngapi?»

«Siyue, mwana yangu. Ni bale ba kwaya.»

Kisha tulihamishwa. Sisi tulipata nyumba Kapata, pembeni kabisa mwa mji. Wenzake mama walitawanyika pande zote za mji. Kikundi kilibaki na wanawake wale wale. Siku moja mmoja wao alituma sauti: mtoto wake ana homa kali, hana wa kumsaidia kumfikisha hospitali. Mama alikuwa mbali mno. Alijibu kwamba anamwombea, kisha akampa kaka simu asikilize.

Kaka aliliweka ombi lile kwenye ukurasa wake. Mfuasi mmoja ambaye kaka hakumjua, anayekaa karibu na yule mwanakwaya, alikwenda na pikipiki yake akawapeleka. Mtoto alipona.

Baada ya hapo kaka alianza kuwauliza wafuasi wake wanakaa wapi. Wengi hawakujibu.