Huyo Mimi Ni Nani

Nina hasira za karibu, na hakuna kinachozichokoza haraka kama insha ya mazungumzo isiyo na alama. Wakati huo nilikuwa nafundisha Kiswahili kidato cha pili, Iringa mjini. Kila jioni nilishuka nyumbani Ipogolo na mfuko wa madaftari, na humo nilikuta watu wanaongea wote kwa pamoja kama wako kwenye kilabu cha pombe ya ulanzi: hakuna mkato, hakuna fungua semi wala funga semi. Nilikuwa nimesema mpaka sauti ikanikauka kwamba maneno ya mtu yafungiwe, na kila anayesema apewe aya yake.

Insha ya kwanza baada ya likizo ilihusu mazungumzo ya nyumbani. Binti mmoja wa bweni, mtoto wa wafugaji wa Usangu, aliandika hivi: Baba akasema mimi sirudi tena shule umri wa shule umenipita nikalia sana.

Nilisahau habari ya alama. Binti alikuwa na miaka kumi na sita, baba ana ng'ombe na bila shaka anatafuta wengine. Nikajua tayari anaozwa. Asubuhi nilimwita ofisini, nimejiandaa kupambana na huyo mzee hadi kwa mkuu wa wilaya.

“Baba yako anakuachisha shule?”

Akashangaa. “Hapana, madam. Si ndiye alinileta mwenyewe juzi.”

“Sasa hii ni nini?” Nikamsogezea daftari na kalamu. “Weka alama kama nilivyofundisha.”

Akainama. Akaweka mkato baada ya “akasema”. Akafungua semi, akaikuza ile M, akaweka nukta baada ya “shule” ya kwanza, na alipofika “umenipita” akaweka nyingine, akafunga. Nikasoma upya: Baba akasema, “Mimi sirudi tena shule. Umri wa shule umenipita.” Nikalia sana.

Huyo mimi alikuwa baba.

Alikuwa ameanza kisomo cha watu wazima kijijini kwao. Akafika kwenye silabi, kisha siku moja wenzake wakamcheka ubaoni, akachukua daftari lake akaondoka.

“Alitaka ripoti yangu aisome mwenyewe, madam,” binti akasema, na machozi yakaanza kumlengalenga.

Niliona aibu kweli. Nilimhukumu mtu kwa sababu ni mfugaji, na sentensi yenyewe nilikuwa sijaielewa.

“Wewe ulimjibu nini?”

“Sikujibu. Nililia tu.”

“Basi insha haijaisha. Kaandike jibu, na Jumapili umsomee.”

Akaandika palepale, kwenye aya mpya: “Baba, hata mimi madam ananijazia wino mwekundu kila wiki, na wenzangu wanaona. Sijaacha. Na wewe usiache.”

Iliniingia.

Jumapili alimsomea baba yake kwa simu ya matroni. Jumatatu, kabla ya kipindi, akaniletea daftari. Nilitafuta kosa, kama kawaida yangu, sikuliona. Chini ya jibu lake kulikuwa na aya nyingine.

Baba akacheka, akasema, “Kumbe hata wewe. Basi kesho naenda.”