Nilidhani Leseni Moja Yatosha Kompyuta Saba

Kwako Msimamizi wa ukurasa huu, pamoja nanyi wasomaji watukufu, nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na tisa, mwenyeji wa Kinondo, nina mke na watoto wanne. Naomba jina langu lisitiriwe. Shule niliiachia darasa la saba; lugha ya barua na matumizi ya kompyuta nimejifundisha mwenyewe, na nimekuwa nikijivuna kwamba hakuna ombi nililomwandikia mtu, liwe la chifu au la ofisi ya ardhi, likarudishwa kwa kasoro.

Kazi yangu ni ukarani katika chuo kidogo cha kompyuta hapa Ukunda. Mwaka jana tulipata kompyuta saba kuukuu, tupu, zisizo na ile programu ya kuendeshea mashine ambayo wanafunzi huiita windozi. Mkurugenzi wetu, mtu wa bara, akanunua kasha moja Mombasa: ndani mlikuwa na sidii, cheti chenye namba ndefu, na kadi ya kujisajili. Kile cheti kilisema ni leseni. Ndugu wasomaji, leseni niijuayo mimi ni ile ya biashara itolewayo na baraza la mji: mwenye duka hukata moja, akaitundika ukutani, ikatosha kwa rafu zote. Basi nami nikakitia cheti katika fremu, nikakitundika juu ya mlango. Kisha nikaketi na mwalimu wetu, mjane nitakayemwita Bi Mwanamisi, mimi nikisoma namba naye akichapa. Kwenye kompyuta ya pili alisita.

"Kaka, namba hii si tumeshaitumia?"

"Leseni ni ya nyumba, bibi, si ya kiti," nikamjibu.

Akacheka. "Haya, wakili wangu. Soma."

Tukazimaliza zote saba. Na kwa kupenda utaratibu, niliirudufu ile kadi, nikajaza moja kwa kila mashine, zote kwa namba ile ile, nikaziambatanisha na barua ya heshima kwa mawakala wa programu hiyo huko Nairobi. Mkurugenzi akatia saini bila kusoma, kama ilivyo desturi yake.

Baada ya miezi miwili akaja mkaguzi na kadi zangu mkononi. "Namba moja, mashine saba!" akasema mbele ya wanafunzi, huku akicheka. "Wezi nimewaona wengi, lakini nyinyi ndio wa kwanza kuniandikia barua." Akatufahamisha kwamba kila kompyuta hudai leseni yake, akaamuru programu ifutwe katika sita.

Mkurugenzi akaniita ofisini peke yangu. "Hiyo barua ni wewe uliandika. Sasa niambie, nani aliweka hii kitu kwa mashine? Ama mnataka nifungwe?"

Nilimjibu kwa maneno haya haya, nami sijayasahau: "Bwana Mkurugenzi, mimi ni karani tu, niliandika kwa mujibu wa maelezo ya mwalimu."

Ulikuwa uongo, tena uliopangwa vizuri. Akaitwa Bi Mwanamisi, nami nimesimama pale pale. "Nani alichapa hizo namba?" Akanitazama kidogo, akasema, "Mimi." Nikainamisha macho. Akaachishwa kazi siku ile ile, na meza yake nikapewa mimi.

Sasa watu humwita mwizi wa kompyuta. Hoteli moja ya Diani i tayari kumwajiri katika mapokezi, ila yataka kwanza barua ya chuo kwamba hakuiba. Wamempa hadi mwisho wa mwezi ujao. Basi akaja nyumbani kwangu, mke wangu akamtandikia mkeka.

"Kaka, mwenye kalamu ni wewe," akasema. "Niandikie ombi kwa mkurugenzi, anisafishie jina. Lakini usijitaje humo. Siku ile sikukutaja. Nilisema ya nini tuungue sote wawili, nawe una watoto? Tena najua ulinitetea."

Mke wangu akadakia kutoka jikoni: "Huyu? Asingekuacha hivi hivi, wifi."

Nikainuka nikajifanya natafuta karatasi.

Tangu siku hiyo nimeandika rasimu nne. Zote zaeleza kosa lilivyotendeka, wala hakuna inayosema ni nani aliyetenda. Bila jina langu ombi hilo halina uzito, kwa kuwa mkurugenzi atauliza: kama si yeye, ni nani? Nikilitia, nitapoteza kazi inayowalisha watoto, na mke wangu atajua aliyemsifia ni mtu wa namna gani. Lakini nikiri kwenu: ninachokiogopa zaidi ni macho ya Bi Mwanamisi siku atakapojua kwamba sikumtetea, bali nilimuuza. Kila tunapokutana sokoni huniuliza, "Barua vipi, kaka?" nami humjibu kwamba bado naipiga chapa.

Ndugu zangu, kwa miaka kumi nimewaandikia wengine maombi yao. Hili ni langu. Nishaurini kabla mwezi ujao haujaisha: nifanye nini, na nianze kwa kumwambia nani?