Herufi ya Asterio

Enzi za Warumi, Oppia alikuwa mkanyaga nguo mjini Pompei. Miaka nenda miaka rudi alisimama ndani ya karo la mkojo, sabuni ya siku hizo, akitakatisha majoho ya watu wenye majina, hadi ngozi ya miguu ikaliwa. Kusoma hakujua. Ila herufi tatu za uwanja wa mapigano alizijua, kama kila mtu pale mjini: V, alishinda, M, alishindwa akaachiliwa, P, aliuawa.

Mumewe, ingawa sheria ilikataa kumwita hivyo, alikuwa Asterio, mtumwa wa kupigana kwa upanga. Siku alipokatwa paja aliinua kidole kuomba roho yake, watu wakapunga vitambaa, akaachiliwa. Alitoka kwa miguu yake. Kidonda kikaoza, akafia mapajani mwa Oppia.

Kisha Oppia akaiona picha iliyokwaruzwa ukutani kwa Cossinus, muuza mvinyo: Asterio kapiga magoti, ngao iko chini, na kando yake P.

"Ifute," alimwambia Cossinus. "Weka M."

"Kwani hajafa, Mama Mikojo?" Cossinus aliuliza. Wanywaji wakaangua kicheko.

"Alifia kwangu. Hakuchinjwa mchangani kama mbuzi."

"Maiti ni maiti, mama. Kaburi haliulizi umepitia wapi."

"Uwanja mzima ulimwachia roho yake. Wewe muuza siki ndiye umemchinja?"

Safari hii kicheko kilimgeukia Cossinus. Oppia hakucheka. Dunia haikumpa Asterio kitu, ila siku moja tu ilimhurumia. Na hiyo nayo wanamnyang'anya!

Akatoa msumari, akaikwangua P mpaka chokaa ikamwagika. Hakuwahi kuandika maishani. Akaianza M katikati, pale inapozama, na kabla hajaitia miguu yake miwili Cossinus akamdaka mkono.

Wote wakatazama ukuta. V.

"Lo! Marehemu kashinda!" mlevi mmoja akapiga meza.

Cossinus naye akacheka, akamwachia mkono. "Basi, shemeji, yaishe. Umepata zaidi ya ulichoomba. Mwachie ushindi wake, nenda zako."

Oppia aliitazama ile herufi. Ushindi wa bure. Kesho wangesema ni uongo wa mjane, na huruma ya kweli ingezikwa pamoja na uongo huo.

"Hakushinda," alisema. "Aliachiliwa."

Akachora mguu wa kwanza. Wa pili ulikwenda upande. Cossinus hakumzuia.