Krismasi ya Jirani Yetu Msuka

Juzi nilipita kijijini kwetu Msuka, pale msitu ulipokuwa ukigusana na nyumba zetu, nikakuta migomba mitupu. Nikamkumbuka jirani yetu wa bara.

Alikuja kuchuma karafuu, miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, akabaki. Alikuwa Mkristo peke yake kijijini. Hakuwa na kanisa wala ndugu wa kula naye, basi Krismasi yake aliifanya na wanyama. Asubuhi alimwaga mapapai yaliyoiva na maganda ya muhogo ukingoni mwa msitu, kisha akakaa kimya kusubiri. Mwaka mmoja alinikaribisha, nami nilikuwa msichana mdogo ninayenukia moshi wa kuni za bibi. Wakatoka paa watatu, wadogo kama vitoto vya mbuzi, kisha kima na watoto wao. Wakala pamoja, wasifukuzane. Jirani aliniambia kwao siku hiyo hata mnyama hapigwi.

Ndipo akaja ami yangu, ambaye kima walikuwa wamemmalizia shamba lake la muhogo. Alitoa salamu vizuri. Jirani alifurahi, akidhani amekuja kumpa mkono wa sikukuu, akammiminia chai ya tangawizi. Ami akainywa taratibu, akauliza kama wanyama wale hawaogopi watu.

"Leo hawaogopi," jirani akamjibu.

Ami akaweka kikombe chini, akapiga mbinja. Kumbe wenziwe walikuwa wamejificha vichakani na nyavu. Mbwa wakaachiwa. Kima walipigwa marungu, mama na vitoto, wakatupwa shimoni. Paa walichinjwa pale pale penye mapapai. Jirani alimshika ami mkono akimwomba, na ami hakumsukuma, alicheka tu.

Mchana ami alimpelekea paja la paa. "Sikukuu njema, jirani. Hili fungu lako."

Akalipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante.

Fungu letu bibi alilipika kwa nazi. Lilikuwa tamu, siwezi kukudanganya. Yeye mwenyewe hakuligusa. "Na chai yake umeinywa," alimwambia ami.

Jirani alihama kabla karafuu hazijesha, na hakuna aliyemuuliza aendako. Msitu nao ukakatwa kidogo kidogo. Siku hizi watoto wa kule wanamjua paa kwa jina tu, na hawanisadiki nikiwaambia kwamba asubuhi moja alikula papai karibu na miguu yangu, akainua kichwa, akanitazama, asikimbie.