Bafta Chini ya Mkarafuu

Miaka ile mikarafuu ya Pemba ilikuwa ikigeuka manjano na kukauka imesimama. Wakubwa wa kilimo walishuku kuna mdudu anayefyonza utomvu wa mti mgonjwa na kuupeleka ugonjwa kwenye mti mzima, wakanipa kazi ya kumtafuta. Nilitandika nguo nyeupe chini ya mti, nikapiga matawi kwa ufito, nikaokota vilivyoanguka. Wenzangu waling'atwa na majimoto, wale sisimizi wekundu wakaao mikarafuuni, wakatimua mbio. Mimi sikukimbia mti hata mmoja, na sioni haya kujisifu.

Nguo yenyewe ilikuwa bafta. Nilipoinunua mjini Chake, Mhindi mwenye duka alinipa pole kabla hajaipima, akauliza nani kafariki. Kwetu bafta ni sanda. Nilicheka njia nzima.

Kijijini Pujini kicheko kilinikauka. Bibi mmoja, mjane, alikuwa na mkarafuu uani, aliopanda pamoja na marehemu mumewe. Nilikuwa nimeshatandika alipotoka akashika pindo la nguo.

"Mwanangu, ushauvika sanda mti wangu, nao mzima?"

"Natafuta wadudu tu, bibi."

"Nshasikia habari zako. Kila mti uliotandikiwa nguo hiyo hukatwa."

Haikuwa kweli. Iliyokatwa ilikuwa imeshakufa, lakini hakutaka kunisikiliza. Akaniletea kanga yake nitandike badala ya bafta. Nikamwambia kwenye maua ya kanga wadudu wadogo hawaonekani. Mimi mbishi, na siku ile nilimpata mbishi mwenzangu. Akaingia ndani, akarudi na bafta nyingine, imekunjwa vizuri, inanukia kafuri. Ilikuwa sanda yake mwenyewe, aliyojiwekea sandukuni.

"Tandika hii. Kama ni kufa, mie mbele."

Nikaitandika, nikayapiga matawi yote niliyoyafikia. Yalianguka majimoto na majani mabichi. Mdudu wetu hakuwemo.

"Mti wako mzima, bibi," nikamwambia. Nikataka nguo nikaifulishe, akakataa. Akaikung'uta na kuikunja.

Alipofariki, miaka baadaye, nilikwenda kuzika. Wanawake waliomkosha walisema sanda yake ilikuwa na madoa ya majani, naye aliusia isibadilishwe. Nikapita uani. Mkarafuu ulikuwa umezaa hadi matawi yameinama, na kwa ajili ya msiba hakuna aliyekuwa ameuchuma. Nikalia pale pale, mtu mzima na ndevu zangu.