Niliweka Linux kwenye kompyuta pekee ya shule, ikameza risala siku moja kabla ya mahafali

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Leo nimekuja na yangu mwenyewe. Si ya rafiki, si ya jirani, wala sijaiokota kwenye kundi la walimu. Aibu iliyomo humu yote ni yangu, kwa hiyo sina sababu ya kudanganya.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, mtoto wa Tanga, ajira ikanitupa huku mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma. Shule siitaji. Nina mshahara mmoja tu na nimeuzoea.

Somo la kompyuta nilipewa kwa sababu siku ya kikao nilionekana nimeshika simu kubwa. Hakuna aliyeuliza cheti.

Shule ina kompyuta moja inayowaka. Moja, wakuu. Ya mezani, ilikuja ikiwa imeshatumika, feni yake inaunguruma kama mashine ya kusaga.

Ilikuwa na Windows ya kuchakachua, na virusi ndio walikuwa wenye nyumba. Kila flash iliyopanda Mbinga mjini ilirudi na wageni. Unafungua folda ya mitihani, unakuta mafaili yote yamegeuka shortcut.

Nikasema basi, yatosha. Nikaifuta Windows, nikaweka Linux.

Distro, yaani aina ya Linux niliyoweka, naificha, maana humu kuna watu wanaipenda distro yao kuliko wake zao.

Wiki ya kwanza nilikuwa mtume. Haina virusi! Ni ya bure! Inawaka upesi! Walimu wenzangu walinitazama kwa huruma, kama mtu aliyejiunga na dhehebu jipya.

Wiki ya pili yakaanza.

Mkuu wetu wa shule ni Madam Hyera, mama wa Kimatengo, kwao ni Mapera huko juu kwenye kahawa. Mtu mpole, ila upole wake unatisha. Aliingia ofisini, akaketi mbele ya skrini, akabonyeza huku na kule.

"Mwalimu, Word yangu umeipeleka wapi?"

"Madam, ni kitu kilekile, jina tu ndilo limebadilika."

"Na majedwali yangu mbona yamekimbilia ukurasa wa pili?"

Majedwali yalikuwa yamekimbia kweli.

Sauti ilikuwa inatoka pale tu unapochomeka earphone nusu. Ukiichomeka yote, kimya. Ukiichomoa, kimya. Nusu, inaongea. Msiniulize kwa nini.

Ila printa ndiyo iliyonimaliza. Kwenye Windows ilikuwa inachapa huku inaimba. Kwenye Linux, ukiiagiza ukurasa mmoja inakutolea karatasi kumi na nne, kila moja ina mstari mmoja wa alama zisizosomeka, kama vile kuku amepita juu ya keyboard.

Nilitafuta driver, ile programu ya kuiendesha printa, siku tatu. Nikampata Mzungu mmoja kwenye forum yao, ana printa hiyohiyo, tatizo hilohilo, neno kwa neno. Nikashuka mpaka mwisho wa uzi wake, nikakuta ameandika kwamba ameshatatua, anashukuru wote.

Hakusema ametatuaje. Popote alipo, Mungu anamwona.

Na msaada wa karibu sina. Ukipanda Mbinga ukasema CPU inakusumbua, watu wanakuelekeza kwenye mtambo wa kumenya kahawa, maana hiyo ndiyo CPU wanayoijua wao.

Basi tukazoea. Tunaandika shuleni, tunaenda kuprint Mbinga kwenye stationery.

Ndipo yakafika mahafali ya kidato cha nne.

Mnazijua risala. Ni dakika kumi pekee kwa mwaka ambazo mkubwa analazimika kukaa kwenye kiti cha kitambaa na kusikiliza shida zenu. Ikishasomwa, anakabidhiwa karatasi mkononi watu wakipiga makofi. Ukisema kwa mdomo tu bila karatasi, hukusema kitu.

Na sisi shida yetu ilikuwa moja: bweni la wasichana.

Wazazi walichoma matofali wenyewe, wakapandisha kuta mpaka kwenye linta, nguvu zikaishia hapo. Miaka miwili majani yanaota ndani. Wasichana wanaotoka mbali, vijiji vya kina Ngumbo huko, wanapanga magheto jirani na shule. Mtoto wa miaka kumi na tano anajipikia mwenyewe na kujilinda mwenyewe. Kila mwaka wanapungua.

Mgeni rasmi wa safari hii alikuwa mtu ambaye akisema mabati yaje, yanakuja. Tukimkosa, ni mpaka mwaka mwingine.

Risala iliandikwa na dada mkuu, Benedikta, mtoto wa Ngumbo, wa kidato cha nne. Aliiandika peke yake kwenye daftari, mimi nikaichapa kama ilivyo. Kisha ikaenda kwenye kamati ya walimu.

Kamati ikaiosha.

Shukrani zikajaa ukurasa mzima. Magheto yakageuka "changamoto ya malazi kwa mtoto wa kike". Majina ya watu yakatolewa. Ilipomalizika ilikuwa na adabu zote na haimchomi mtu popote.

Nisijitoe hapo. Nilikuwa kwenye kamati, na hilo neno "changamoto" nililileta mimi.

Kwenye kompyuta nikawa na mafaili manne: risala, risala_mpya, risala_final, na risala_final_KWELI. Msinicheke, na nyie mnafanya hivyohivyo.

Ijumaa, siku moja kabla ya mahafali, nikaweka ile final_KWELI kwenye flash nikapanda Mbinga. Kabla ya kutoka, kwa akili zangu timamu, nikachomeka modem na kuanzisha update. Nikasema nikirudi nitaikuta imemaliza.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Flash yenyewe nilikuwa nimeifomati wiki hiyohiyo kwa mtindo wa Linux, ext4, ili virusi vya mjini vishindwe hata kuisoma. Majivuno tu. Nilisahau kwamba vikishindwa virusi, na Windows yenyewe inashindwa. Ikiiona flash ya hivyo inadhani ni tupu, inauliza: niifomati?

Dada wa stationery ni mchangamfu, ana mikono myepesi. Nilimpa flash, nikatoka kidogo kununua bahasha ya kaki. Niliporudi anatabasamu.

"Kaka, flash yako ilikuwa imekufa. Nimeifufua."

"Umeifufuaje, dada?"

"Nimeifomati. Ona sasa inavyofunguka, nyeupe pee!"

Nilikaa kwenye benchi lao. Akaniletea maji bila kuombwa.

Nikampigia Madam.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba, mwalimu. Umeshaprint?"

"Bado kidogo. Naomba uende kwenye kompyuta, unitumie risala kwa email."

Nikamwelekeza, bonyeza kile kidude cha kushoto, shuka chini, hapana, chini zaidi. Akalipata faili, akalifungua. Nikasikia feni inaunguruma mpaka kwenye simu.

"Imeganda, mwalimu. Kuna kitu kimeandika asilimia sitini na mbili."

"Hiyo ni update, Madam. Iache, usiiguse..."

Mtandao ukakata.

Nilipompata tena, sauti yake ilikuwa na furaha.

"Usihofu, ilikuwa imekwama, nimeizima ukutani nikaiwasha tena. Sasa imekuja nyeusi ina maandishi meupe. Inaniuliza jambo kwa Kiingereza."

Wakuu, simlaumu. Huku kwetu kila kinachokwama kinazimwa ukutani. King'amuzi cha parokiani, friji ya zahanati, vyote vinazimwa ukutani na vyote vinapona. Yule mama alifanya kilichomsaidia maisha yake yote.

Niliteremka kurudi ziwani na bahasha tupu.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa mbele ya mashine. Inanitaka niandike fsck, amri ya kukagua na kurekebisha diski. Naandika. Inauliza, nirekebishe hiki? Y. Na hiki? Y. Nilibonyeza Y mpaka kidole kikafa ganzi, nje kina mama wachezaji wa kioda wanajaribu ngoma, mahema yanasimamishwa.

Saa nne kasoro ikawaka. Nilipiga kelele peke yangu ofisini.

Nikafungua final_KWELI. Nyeupe. Nikafungua final. Nyeupe. Risala_mpya ikagoma kabisa kufunguka. Wataalamu mtanieleza ilikuwaje, mimi najua tu kwamba lililofunguka ni lile la kwanza kabisa. Risala ya Benedikta mwenyewe, kabla hatujaiosha.

Kuprint hakuna. Nikamwita Benedikta na karatasi za foolscap.

"Kaa hapo, nakili kwa mkono."

Akasoma mistari miwili, akaniinulia macho.

"Mwalimu, hii si ile ya kamati."

"Najua."

"Madam je?"

"Nakili, Benedikta. Mgeni ameshapita Mbamba Bay."

Ningependa kuwaambia nilikuwa shujaa. Sikuwa. Ile ya kamati kichwani nilikumbuka shukrani tu, na muda ulikuwa umekwisha. Ila Madam alipita mlangoni akauliza, "Tayari?" nikamjibu tayari, sikumwambia ni ipi. Hilo nalo nilifanya.

Mgeni akafika, katekista akasali, kina mama wakacheza. Mgeni rasmi akaketi na simu yake mkononi, kidole kinatembea. Benedikta akasogea kwenye kipaza sauti.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, tulipoanza kidato cha kwanza tulikuwa wasichana ishirini na wawili. Leo tuko mbele yako tisa. Hao wengine hawakufeli mtihani. Geto letu halina kitasa, mlango tunaufunga kwa kamba ya nyavu. Kamba ya nyavu haimzuii mtu mzima. Konsolata nilikuwa nalala naye kitanda kimoja. Alikuwa ananishinda masomo yote. Risala hii angeisoma yeye."

Shingo ya Madam iligeuka polepole kunitafuta. Mimi nikatazama ziwa.

Simu ya mgeni ilikuwa imeshalala mapajani. Halafu akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona kwenye mahafali yoyote, akamkatiza msomaji.

"Huyo Konsolata sasa hivi yuko wapi?"

Benedikta hakujua afanye nini na karatasi. Akanyoosha mkono kuelekea nyuma ya madarasa, kwenye moshi.

"Yuko pale jikoni, Mheshimiwa. Ndiye anayekukaangia samaki mbasa."

Watu wote wakageuka. Konsolata alikuwa amesimama kando ya karai, mtoto mgongoni. Alikuwa amelisikia jina lake kwenye spika kubwa, mbele ya kata nzima, na hakukimbia. Alishusha tu moto.

Huyo binti nilimfundisha hesabu miaka miwili, wakuu. Asubuhi ileile nilipita jikoni nikamuuliza kama chai ipo. Akanimiminia, nikanywa, nikaondoka. Sikuwaza kitu chochote.

Mgeni hakusoma hotuba yake. Aliomba apelekwe kwenye geto. Akatembea na viatu vyake vya kung'aa kwenye mchanga, akausukuma ule mlango kwa vidole viwili, ukafunguka na kamba yake ikining'inia. Aliichukua ile foolscap mkononi mwa Benedikta, akaikunja, akaiweka mfuko wa shati.

Mabati yalikuja kabla ya mvua. Hayakutosha, upande mmoja wa bweni mpaka leo unaangalia mawingu. Ila upande wa pili una vitanda, na mlango wa chuma.

Jumatatu Madam aliniita ofisini. Nilikwenda nikiwa nimeshaandaa barua ya kujieleza kichwani.

"Mwalimu, hiyo takataka yako ya Linux iache hapohapo ilipo. Ila nifundishe namna ya kuizima."

Kisha akavaa kanga yake, akaenda mwenyewe nyumbani kwa kina Konsolata kuongea na wazazi. Januari binti alirudi kidato cha tatu. Mtoto anabaki na bibi yake. Jaribio la kwanza la hesabu aliwaacha wote mbali, nami nilisahihisha karatasi yake mara mbili kwa sababu macho yalikuwa hayaoni vizuri.

Sasa mafunzo. Flash ya kwenda mjini ifomati FAT32, inayosomeka kote, acha ushamba. Usianzishe update ukaondoka. Kitu cha muhimu kiweke na kwenye simu. Na Linux bado ninaitumia, kwa ubishi tu, printa bado inatoa karatasi kumi na nne.

Lakini linaloniuma si la kompyuta. Nilikaa kwenye kikao na keyboard mbele yangu, nikafuta jina la mwanafunzi wangu ili sentensi ikae vizuri. Lisingerudi kama mashine isingeharibika. Mimi nisingelirudisha.

Uwanja ni wenu. Wa driver waje, wa kunitukana waje pia, nimekaa. Ila nyie mliowahi kukaa kwenye kamati ya risala, kabla hamjanicheka, semeni kwanza mlifuta jina la nani.