Mafuta Yasiyonukia

Kabla sijapata ajira kiwandani sikuwa nimesikia kwamba duniani kuna kazi inayoitwa uhandisi wa kemikali. Na nilipoisikia, shida ikawa kuieleza nyumbani kwetu Mkuyuni. Baba alikuwa fundi bati. Alitengeneza vibatari, faneli na ndoo, na kwake yeye fundi ni mtu ambaye ukimwuliza anatengeneza nini, anakunyooshea kidole kwenye kibaraza chake.

"Sasa huyo mhandisi wa kemikali," aliniuliza, "nikipita mbele ya duka lake nitaona ametundika nini?"

Nilimjibu kwamba hana duka. Baba alinitazama kwa huruma, akarudi kugonga bati lake.

Kiwanda chenyewe kilikuwa kando ya ziwa, kikikamua mbegu za pamba. Msimu wa pamba ulipofika malori yalipanga foleni tangu alfajiri, na mbegu zilipoanza kuchemshwa hata wavuvi waliokuwa majini walijua tumeanza kazi. Mafuta yaliyotoka kwenye mashine yalikuwa meusi yenye wekundu, na harufu yake ilishika nguo, nywele na godoro. Tuliyatia soda kali, ambayo wote tuliiita kostiki, uchafu ukazama chini. Uchafu ule ulikwenda kupikwa sabuni, na juu yakabaki mafuta ya manjano. Mimi nilikuwa msaidizi wa maabara, yaani niliosha chupa na kusoma vipimo, na niliipenda kazi ile kuliko nilivyothubutu kusema.

Mkubwa wangu alikuwa mkemia wa Kihindi, mtu mzima mwenye maneno machache. Aliponiona sitoki kazi ikiisha, alinipa kona yangu ya meza na akaniruhusu kujaribu jambo lililonikera siku nyingi: kuiondoa ile harufu. Nilipasha mafuta moto sana na kupitisha mvuke ndani yake, harufu iondoke na mvuke. Mara mafuta yaliungua, mara yalirukia ukutani, na mara moja yaliondoka na nusu ya nyusi zangu. Hatimaye nikapata chupa moja ya mafuta maangavu yasiyonuka chochote. Nilijawa na furaha, nikataka kumwonesha kila mtu. Ugumu ni kwamba nilichokuwa nacho cha kuonesha kilikuwa kitu ambacho hakipo.

Mama aliinusa chupa ile, akainusa tena.

"Yanaumwa nini mafuta haya?"

"Hayaumwi, mama. Ni safi."

"Chakula kisichonukia, jirani atajuaje kwamba kwetu kumepikwa?"

Mama alikulia kwenye samli. Wanawake wa Kisukuma waliileta mjini katika vibuyu, naye alikuwa na wateule wake, akiichagua kwa pua kama wengine wanavyochagua khanga kwa macho. Hakutaka kuniudhi, kwa hiyo kila chupa niliyoleta aliipokea kwa asante. Kisha alilainisha nayo bawaba za mlango, na iliyobaki akampa jirani apake nywele. Milango yetu ikawa kimya kuliko milango yote ya mtaa. Iliniuma, ingawa nilicheka.

Baada ya Uhuru zikaja habari ambazo zilininyima usingizi. Nchi ilitaka vijana wake wasomee kazi za viwanda, na kwetu Mwanza kulikuwa na nafasi moja ya kwenda ng'ambo kusomea uhandisi wa kemikali. Tulioitwa kwenye usaili tulikuwa wanne. Wenzangu wote watatu walikuwa na vyeti vizuri kuliko changu, na Kiingereza chao kilikuwa kimepigwa pasi. Nilimwambia mkemia kwamba nimekwisha shindwa.

"Usiwaeleze unachojua," alisema. "Wape walichotengeneza mikono yako."

Nikaamua kuwapelekea maandazi yaliyokaangwa kwa mafuta yangu. Nilimkabidhi mama chupa na kumwomba atumie hayo peke yake, bila kuongeza kitu. Alisema sawa. Ilikuwa Ramadhani, ya kwanza baada ya Uhuru, na wakubwa waliopanga usaili hawakuitazama kalenda yetu. Mama alikaanga asubuhi huku amefunga, akayapanga maandazi kwenye bakuli, akafunika, akalifunga bakuli kwa kitambaa mafundo mawili. Mimi nami nilikuwa nimefunga, na pua yangu ilikwisha uawa na kiwanda. Nilibeba bakuli hadi kwenye usaili bila wasiwasi wowote.

Mezani walikuwa watatu: meneja wetu, profesa mmoja Mzungu, na ofisa wa serikali mpya kutoka Dar es Salaam. Nilieleza kwa Kiingereza changu chenye makunyanzi jinsi nilivyoondoa harufu yote. Kisha nikafungua kitambaa.

Hata pua yangu iliyokufa ilifufuka. Samli ilijaa chumbani.

Ofisa alikula la kwanza, akala la pili, akachukua la tatu. "Kijana," akasema, "mafuta haya yanaishinda hata samli."

Sifa ile ilikuwa tamu, na ningeweza kuinamisha kichwa na kusema asante. Lakini profesa alikuwa ananusa lake taratibu.

"Umesema hayana harufu," alisema. "Mbona haya yananukia?"

"Hiyo ni harufu ya mama yangu, bwana," nilijibu. "Si ya mafuta yangu. Alijua yanaliwa na wageni. Kwetu mgeni hapewi kitu kisichonukia samli, atadhani anafukuzwa."

Ofisa alicheka mpaka akaweka andazi chini. Profesa alitaka kujua kama mwenyewe nimeyaonja, nikamwambia nimefunga. Hapo akacheka naye. Nilitoa mfukoni kichupa kidogo nilichokuwa nimekibeba kama hirizi, nikawamiminia viganjani. Walinusa, wakatazamana, wakanusa tena.

"Kweli hayanuki," alisema ofisa. "Lakini hebu nijibu. Kama mama yako mwenyewe hayataki, utamwuzia nani?"

"Sijui, mzee," nilisema. "Lakini nitaanza na yeye."

Nilirudi nyumbani nimefura. Mama hakukana.

"Si nilisema bila kuongeza kitu?" nilimfokea kidogo, nikisahau adabu kwa dakika moja.

"Kijiko tu, mwanangu. Ulitaka niwalishe wageni wa watu upepo?"

Nafasi niliipata mimi. Mama aliutangazia mtaa kwamba mwanawe amepelekwa Ulaya na samli yake, na hakuna aliyeweza kumwambia vingine. Baba alinitengenezea sanduku la bati lenye kufuli, akasema angalau sasa nina kitu cha kumwonesha mtu akiniuliza nafanya kazi gani. Mimi nilijaza chupa za mwisho kiwandani na kuzipanga jikoni, nikijua zitaishia kwenye bawaba.

Siku ya safari walinisindikiza stesheni. Mama alinipenyezea dirishani kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa, mafundo mawili, akakaza mtandio wake na kutazama pembeni.

Treni ilipokwisha kuliacha ziwa nyuma, upweke ulinishika, nikafungua kifurushi nipate angalau harufu ya nyumbani. Yalikuwa maandazi. Nilinusa, nikasogeza pua karibu zaidi. Palikuwa na iliki kidogo, basi. Nililivunja moja katikati nikanusa ndani, na macho yakanijaa machozi.

Aliyeketi mbele yangu alikuwa mzee wa Kisukuma aliyekuwa akirudi Shinyanga. Nilikuwa nimemwamkia shikamoo tulipopanda, na sasa alinitazama kwa mashaka. Nilimkaribisha, akachukua moja, akatafuna polepole.

"Matamu," alisema kwa upole, asije akamvunjia mtu heshima. "Ila aliyepika amesahau samli."

"Hapana, mzee," nikamwambia. "Hakusahau."